Miaka Yangu Mlangoni na Bakuli la Hereni

Nianze na upumbavu wangu, maana nisipousema mimi, dada zenu watausema na watautia chumvi. Jumapili yangu ya kwanza kazini niliweka bakuli la hereni dirishani, upande wa nje, nikaingia ndani kuimba mapambio. Niliporudi nikamkuta kuku wa Babu Sefu amesimama kwenye ukingo wa bakuli, anachagua kama mama anayenunua nyanya. Akaiona hereni ya Mama Tumaini, ile yenye kidoti chekundu. Akaimeza.

Nilimkimbiza yule kuku mpaka uani kwa mwenyewe. Babu Sefu ni Mwislamu, nyumba yake imepakana na kanisa letu, na ni mtu wa maneno machache.

"Shikamoo babu. Kuku wako amekula hereni."

"Marahaba. Hereni ya nani?"

"Ya Mama Tumaini wa kanisani."

"Na ilikuwa inafanya nini nje ya sikio lake?"

 Nilikuwa mtoto, nilidhani mzee anatania. Akakataa kumchinja kuku kwa kosa la kanisa, nami nikashinda siku nzima na kijiti nikimfuata yule ndege nyuma, naangalia anachoangusha. Hakuangusha kitu cha maana. Hereni ilipatikana sikukuu ya Idd, ndani ya firigisi, ikaletwa kwa Mama Tumaini imefungwa kwenye karatasi pamoja na sahani ya pilau. Lile swali la Babu Sefu ndilo lililobaki bila jibu.

Ninyi wadogo zangu wa darasa la Jumapili hapa Kwamndolwa, Korogwe, mnaosukumana kugombea zamu za mlangoni, hamkulifanyia kazi lile bakuli. Nilipoanza, wengine mlikuwa bado mnabebwa mgongoni. Mimi nimestaafu. Ndiyo, chekeni. Niko kidato cha tatu na mwalimu wa zamu ananipunja uji kila siku, lakini nimestaafu, kwa sababu kazi niliyoanza darasa la sita nimeiacha na siirudii. Naandika kwa kuwa nasikia kuna wazee wanaosema bakuli lirudi mlangoni. Likirudi, atakayekabidhiwa ni mmoja wenu. Bora mjue mapema linashikwaje, na lini halishikwi.

Utaratibu ulikuwa hivi. Katika kanisa letu mwanamke hakuingia na hereni, mkufu, bangili wala ushanga. Akisahau akaja navyo, alivivua mlangoni, akaviweka kwenye bakuli la plastiki la rangi ya bluu, akavichukua wakati wa kutoka. Mwenye kulishika bakuli ni mimi. Aliyekataa kuvua hakufukuzwa, la hasha, sisi ni watu wa upendo. Alibaki nje.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Yoeli, mzee wa kanisa. Ujana wake aliumalizia kwenye mashamba ya mkonge kule Mazinde, kwenye korona. Nasema korona ya kusaga mkonge, si ile ya barakoa. Mikono yake mpaka leo ni kama gome la mti, lakini kwenye vitu vidogo ana ustadi wa fundi saa. Alinifundisha kufunga kila jozi ya hereni kwa uzi mmoja wa katani, na kila mama apewe fundo lake: Mama Tumaini fundo la kawaida, mke wa mchungaji kitanzi, mwalimu wa kwaya fundo lililorudiwa. Ibada ikiisha sikuhitaji kuuliza hii ya nani. Nilikuwa nagawa nikiwa nimefumba macho, kwa kujionyesha, mpaka siku nilipompa bibi mmoja bangili za binti yake na bibi akazivaa akafurahi, akagoma kurudisha.

"Usimwambie mtu mzima vua," Mzee Yoeli alinionya. "Mwambie karibu. Kisha bakuli ulishushe kidogo. Ataelewa mwenyewe."

"Asipoelewa?"

"Mwambie karibu tena."

Mengine alinifundisha ambayo nawaachia, yatawafaa hata bila bakuli. Aliyechelewa muingize wakati wa wimbo, kamwe si wakati wa maombi, kwa sababu watu wakiomba hufumbua jicho moja na yeye ataaibika. Mzee anayesinzia usimtikise bega. Pita karibu yake uangushe kitabu. Mtoto mwenye kulia mpokee kwa mama kabla hajaombwa kutoka. Na mgeni, hata akija na vumbi la barabara nzima ya Handeni, mpe kiti kwanza ndipo umuulize jina.

Sasa msije mkadhani Mzee Yoeli ni mtu mbaya. Aliwahi kunisimulia, tukiwa tunapanga viti, jinsi alivyokuwa akilala mtaroni kule kambini kwa sababu ya gongo. "Nikaambiwa acha pombe, nikaacha. Acha sigara, nikaacha. Vua vile vikuku vya shaba, nikavua. Nikapona, Eliya. Leo mtu akiniambia amri hizi hazina kazi, ananiambia nirudi mtaroni." Nilimwelewa, na bado namwelewa. Ila nadhani mzee alirushiwa kamba, akavutwa, akapona. Kisha maisha yake yote akawa anaishukuru kamba, na ule mkono ulioirusha akausahau kidogo. Hiyo ni hesabu yangu mwenyewe. Mkubaliane nayo au mkatae.

Nije kwa Yeyo.

Yeyo ni mama kwa Kimaasai, na hivyo ndivyo sote tulivyomwita. Anatoka bomani upande wa Kwaluguru, Handeni, na siku za Jumamosi alikuwa anashuka Korogwe na basi, na madumu ya maziwa. Mama yangu ndiye mteja wake, anagandisha maziwa na kuyauza sokoni. Basi wakati maziwa yanapimwa, mama yangu alikuwa anamhubiria. Mama hana sauti ya kuhubiri. Anahubiri kama anayekuagiza chumvi dukani. Lakini Yeyo akashika.

"Huyo Yesu wako," Yeyo aliuliza siku moja, "nije kwake lini?"

"Uje kesho, Jumapili."

"Nije vipi?"

"Uje ulivyo."

Akaja alivyo. Shanga shingoni tabaka juu ya tabaka, na masikioni hereni ndefu za shaba, zilizoviringwa kama waya wa saa. Nikasema karibu, nikashusha bakuli. Akalitazama. Akafikiri namuomba sadaka, akatumbukiza sarafu. Nikasema karibu tena. Akatumbukiza nyingine.

Mzee Yoeli akaja akamweleza kwa upole. Yeyo akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hizi siwezi," akageuka aondoke. Mimi hapo nikafanya jambo ambalo nililiona la akili sana: nikachukua kigoda nikakiweka kizingitini kabisa, miguu miwili ya kigoda ndani, miwili nje. Nikamwambia, "Yeyo, kaa hapa. Hujaingia na hujabaki nje." Mzee Yoeli akatazama kigoda, akatafuta kosa, hakuliona.

Nilijisifu kwa ile hila. Wenzangu shuleni niliwasimulia. Lakini Jumapili zilipita, mvua za vuli zikaja, na Yeyo yuko palepale, nusu ya mgongo imelowa. Anaimba nyimbo zote. Wale wa ndani, wakavu, wengine hawaimbi. Nikaanza kuona haya. Kazi yangu ilikuwa kukaribisha watu, na mtu aliyetamani kuingia kuliko wote ndiye niliyemgandisha mlangoni kwa ujanja wangu. Afadhali angefukuzwa, angekasirika. Kigoda kilimfanya avumilie.

Halafu akaomba ubatizo.

Mchungaji wetu ni kijana, mpole, anawaogopa wazee wa kanisa kuliko anavyomwogopa mamba. Na kuhusu mamba, mnajua kwamba hatubatizi mtoni, tuna birika la saruji nyuma ya kanisa. Mchungaji akasema ombi ni zuri, wazee waamue. Wazee wakaamua: abatizwe, ila majini aingie bila mapambo. Wakamtuma mama yangu akamwambie, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa akina mama na ndiye aliyemleta.

Jumamosi hiyo nilikuwepo, nimeshika mdomo wa ndoo. Mama akasema haraka haraka, macho kwenye maziwa.

"Ni kidogo tu, Yeyo. Unavua, unaingia, unatoka, unavaa."

Yeyo akacheka kwanza. "Mama Eliya, mume wangu anaitwa nani?"

"Si unamwita Baba Nashipai?"

"Yuko wapi?"

"Anachunga."

"Basi. Kwetu mwanamke akiolewa anavaa hizi. Anazivua akimzika mume. Kesho nikirudi bomani masikio matupu, nimwambie nini? Kwamba nimemzika Korogwe, kanisani, na yeye yupo anakunywa chai?"

Mimi nikacheka. Mama hakucheka.

Yeyo akaacha kucheka pia. "Uliniambia nije nilivyo. Lile neno lilikuwa la nani, lako au la Mungu? Kama lilikuwa lako, nakusamehe, wewe ni rafiki yangu. Lakini niambie leo, nisipande basi tena bure."

Maziwa yakafurika ndoo yakamwagika miguuni mwangu, na mama yangu, ambaye ukimwaga kijiko kimoja anakusema kwa Kishambaa mpaka majirani wanafunga madirisha, hakuona. Akasema tu, "Njoo kesho." Hakusema aje vipi.

Kwa hiyo mnaelewa kilichokuwa kinangojewa Jumapili. Yeyo angebatizwa au angerudi Kwaluguru asionekane tena. Na mama yangu angejua kama alikuwa amemwambia mtu ukweli kuhusu Mungu, au amemdanganya kwa miezi yote ile juu ya ndoo ya maziwa.

Tukazunguka birika. Mchungaji yuko ndani ya maji hadi kiunoni. Vijana wawili wakabatizwa, wakatoka wakitetemeka, tukapiga makofi. Akaitwa Yeyo. Akaja na shuka lake safi na shanga zake zote. Mzee Yoeli akanitazama na kunionyesha kwa kidevu: bakuli.

Nikaenda mbele ya Yeyo. Sikusema karibu. 

"Weka humu, mama," Mzee Yoeli akasema. "Hatukunyang'anyi. Utavikuta."

"Siwezi, baba. Nilishasema."

"Mapambo hayaingii majini."

"Si mapambo. Ni ndoa."

"Sheria ni moja kwa wote."

Mchungaji akayaangalia maji kana kwamba kuna kitu amekidondosha mle. Yeyo akageuka kumtazama mama yangu. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja jibu la jana.

Hapo ndipo nilipomwona Mzee Yoeli ameinua mkono kulionyesha bakuli, na kidoleni mna pete. Muelewe, pete ya ndoa kwetu ilikuwa inapita. Kilikaliwa kikao zamani, kabla sijazaliwa, wakasema pete ya ndoa si pambo, ni alama. Nilikuwa nimeiona pete ile kila Jumapili na sikuwahi kuiona.

Nikageuka na bakuli langu, nikamsogelea.

"Shikamoo mzee."

"Nilishakuitikia asubuhi."

"Basi na pete yako iingie humu."

Niliona akina mama wakishika midomo. Wenzangu wa kwaya, wale ambao hucheka hata msibani, hakuna aliyecheka.

"Eliya. Hii ni alama ya ndoa."

"Na za Yeyo ni za nini? Sheria ni moja kwa wote, umesema. Weka humu, mzee. Hatukunyang'anyi. Utaikuta."

Nilimrudishia maneno yake na sauti yake, nikakunja na kidevu kama yeye. Kuigiza watu ndicho kipaji changu, mnanijua. Na hapo hapo nikaona nilichokifanya. Mke wa Mzee Yoeli amefariki. Nilibeba viti kwenye msiba ule mimi mwenyewe. Mzee akaitazama pete, akaigusa kwa kile kidole gumba kigumu, akajaribu kuizungusha, haikuzunguka.

"Hii," akasema, "alinivisha yeye." 

Bakuli likawa zito mkononi kama lina mawe. Aliyesema ni Yeyo.

"Baba, usiivue. Mimi nisingekuambia uivue."

 Mbuzi wa mtu akalia huko nyuma. Mzee Yoeli akashusha mkono wake, akaufunika kwa ule mwingine, akaondoka taratibu akipita kati ya watu, na watu wakampisha.

Mama yangu akatoka kwenye mstari wa akina mama. Amevaa sare, kitambaa cheupe kichwani, viatu vya Jumapili miguuni. Akamshika Yeyo mkono, wakashuka ngazi za birika pamoja, mama na viatu vyake, mpaka maji yakawafika kifuani. Akamwambia mchungaji, kwa sauti ileile ya kuagiza chumvi, "Mbatize."

Mchungaji akainua uso. Nadhani siku ile ndiyo alipowekwa wakfu, si ile siku ya vyeti. Akasema, "Karibu, mama," akambatiza. Yeyo alipoinuliwa, zile shanga zilitoa maji na mlio kama mvua inayokatikia kwenye bati.

Mimi nikaweka bakuli chini. Sikuliokota tena, wala mwingine hakuliokota. Huko ndiko kustaafu kwangu. Hakukuwa na saa ya ukutani wala hotuba.

Sasa nisikilizeni, maana najua baadhi yenu mtakavyoisoma hadithi hii. Mtatoka hapa mnatoboa masikio, wavulana kwa wasichana, mkisema Eliya ametuweka huru. Sijamweka mtu huru, sina ofisi hiyo. Na uhuru ninaousema si hereni. Mama yangu mpaka leo havai hereni na hana mpango. Zamani hakuvaa kwa kuliogopa bakuli. Sasa havai kwa kuwa hazipendi. Ukimtazama hutaona tofauti yoyote masikioni. Itafute usoni, wakati anaimba.

Nilisimama mlangoni miaka hiyo nikawaona watu wakiingia kwa Mungu huku wanajipapasa: sikio, shingo, mkono, je, nimesahau kitu? Wanaingia kama watu wanaopita getini kwa askari. Mimi ndiye nilikuwa askari. Kama Kristo ameshafungua mlango, aliyesimama pale na bakuli anamlinda nani? Amri inaweza kukutoa mtaroni, simbishii Mzee Yoeli. Lakini haiwezi kukupenda. Na ukiishi na kitu kisichoweza kukupenda, mwisho na wewe unaanza kuwapimia wenzako upendo kwa kisoda. Wakikuletea bakuli, mdogo wangu, sema shikamoo, sema sitalishika, kisha nenda kawapangie watu viti. Kazi mlangoni ni nyingi bila hiyo.

Yeyo bado anashuka na basi. Anakaa benchi la tatu, katikati, na kila amina shanga zinaitikia nyuma yake. Kigoda amekikalia Babu Sefu kibarazani kwake, aliniomba nikampa.

Kikao kilikaa Jumatano baada ya ule ubatizo. Mimi sikuitwa, aliitwa mama. Alirudi jua linazama, akakaa jikoni, akavua kile kitambaa cheupe akakikunja vizuri sana, kama mtu anayekikunja kukirudisha. Amevuliwa uenyekiti wa akina mama. Wamempa nafasi moja: mimi nisimame mbele ya kanisa niombe msamaha, kwanza kwa kumvunjia heshima Mzee Yoeli, pili niseme kwamba yaliyotendeka pale birikani yalikuwa makosa. Nikifanya hivyo, uenyekiti anarudishiwa.

 Ule uenyekiti mama aliupenda. Nilijua kwamba kama akinitazama tu kwa namna fulani, ningesimama na kusema yote waliyoyataka, neno kwa neno, na kilio juu.

"Mama," nikamwambia, "nikaombe?"

Akachochea moto kwanza. Akasema:

"Kwa Mzee Yoeli utakwenda kesho asubuhi, nyumbani kwake, kabla hujaenda shule, na utapiga magoti, maana ulimchokonoa kwenye kaburi la mkewe na mimi sikukuzaa kwa kazi hiyo. Lakini siku utakayosimama mbele ya watu uombe msamaha kwa sababu yule mama alibatizwa, usirudi kula kwangu."